Madereva wa malori, tupeane uzoefu: mzigo wako uliwahi kuibiwa au kuharibika njiani?

Wakuu, heshima kwenu. Kijana niliyemfundisha kazi hapa Dodoma amekatwa mshahara wiki hii kwa magunia matatu yaliyopotea njiani. Imeniuma, kwa sababu yalishanikuta na sikumsimulia mapema.

Nilipakia mchele Igunga, nikapanda mlima Sekenke saa nane usiku. Gari limeshiba, gia ya pili, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Macho yangu yako mbele na kwenye geji ya joto. Tulipofika Singida utingo akazunguka nyuma, akaniita kwa sauti iliyonishtua: turubai limechanwa kwa kisu, magunia manne hayapo. Injini inavyonguruma pale mlimani, mtu anaweza kurukia nyuma, akashusha na kuondoka, wala usisikie kitu.

Siku hizi Sekenke naipanda mchana. Magunia ya mstari wa nyuma nayafunga kamba yake peke yake, chini ya turubai, ndipo nafunika. Akichana turubai anakutana na kamba nyingine. Ila msimpandishe utingo juu ya mzigo akalinde, akidondoka hakuna gunia litakalomrudisha.

Karibuni.

Dereva wa Fuso, Kongwa
Pole sana mkuu. Mimi niliibiwa gari limesimama, tena mchana kweupe, sokoni Kibaigwa. Wapakiaji wanahesabu mahindi kwa sauti, mimi niko kwa mama ntilie nakula. Karatasi ikaandikwa 100, nikasaini. Nashusha Dar, 97. Tajiri hakutaka maelezo, saini ni yangu. Sasa nasimama mlangoni mwa bodi na daftari, kila magunia kumi napiga mstari, na karani wa mwenye mzigo anasaini kabla yangu.

Na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, muikatae. Idadi ya magunia inaweza kuwa sawa, ukifika mizani ya Nala ekseli ya nyuma imezidi. Hapo unaanza kupunguza mzigo barabarani, na mzigo ulioshushwa chini una wenyewe wengi.

Mwanachama wa Manyoni
Mafuta je? Nililala Itigi, asubuhi tenki limenyonywa karibu nusu. Naegesha upande wa tenki ukiwa umebana ukuta. Basi.

Dada wa Canter
Kaka zangu, mie nabeba zabibu kutoka Hombolo, na mwizi wangu mkubwa ni jua. Mwaka wa kwanza nilipata pancha mbele ya Gairo saa sita mchana. Tairi la akiba nalo halina upepo, sikulikagua. Saa nne nzima! Maji ya zabibu yakaanza kuchuruzika kwenye bodi, nyuki wakaja, hata fundi aliogopa kusogea. Mteja alilipa nusu ya bei, na mkulima aliyehangaika na shamba lake msimu mzima ndiye aliyenitia uchungu zaidi.

Sasa napakia jua likishapoa na nasafiri usiku. Kreti siijazi hadi mdomoni, maana ya juu inaponda ya chini. Turubai nalinyanyua kwa miti ili hewa ipite. Tairi za akiba ni mbili, nazipima upepo kabla ya kupakia.

Mzee wa semi
Wanangu, mmesahau kushuka. Gia uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia, na uiingize kabla mteremko haujaanza. Ukiweka fri (gia huru) kubana mafuta, breki zikachemka, hakuna kamba wala turubai litakalookoa mzigo huo. Pale Sekenke nimeona mabaki ya magari ya wenzangu.

Dereva wa Fuso, Kongwa
Shikamoo mzee. Na kamba unazikaza tena wapi ukishatoka na mzigo?

Mzee wa semi
Marahaba. Nikitoka Kibaigwa nasimama kabla ya Gairo. Magunia yanakuwa yameshajipanga, na kamba uliyoikaza sokoni utaikuta inacheza.