text/javascript au application/javascript, nimsikilize nani?

mwanatagi:
Wakuu habari zenu. Tangu nianze hii kazi ya kutengeneza tovuti, kwenye tagi ya script (ile ya kuweka kodi ya JavaScript kwenye ukurasa) naandika type="text/javascript" kuiambia brauza humo ndani kuna kodi ya aina gani, sasa juzi jamaa ninayefanya naye kapitia kodi yangu akaniambia hiyo ilishapigwa chini na RFC 4329 ya 2006 (RFC ni hati za viwango vya intaneti), sahihi eti ni application/javascript. Nikabadilisha kote. Chrome na Firefox poa kabisa, ila kuna mteja ana kompyuta ya zamani yenye Internet Explorer 8, kwake menyu zote zimekufa na hakuna eror hata moja, ukurasa umekaa kimya tu. Kiwango kinasema hivi, brauza inafanya vile, nishike lipi?

fundi_kimya:
Brauza ikikuta type isiyoijua inachukulia humo ndani ni data tu, inapita, ndo maana huoni eror. application/javascript IE imeanza kuielewa toleo la 9. Futa hiyo type kabisa mkuu. HTML 4.01 ndo ilikuwa inailazimisha, HTML5 ukiiacha inahesabu ni JavaScript, na IE8 nayo inafanya hivyohivyo.

mwanatagi:
Kumbe! Kwa hiyo jamaa kanidanganya?

nukta_mkato:
Hajakudanganya, kasomea karatasi ya zamani. Mei 2022 ilitoka RFC 9239 ikageuza kibao, text/javascript ndo rasmi na application/javascript ndo imewekwa kando, ingawa brauza za sasa bado zinaikubali. Yaani miaka 16 kiwango kinasema application, watu na text yao, mwisho kiwango kikawafuata watu, mi nilicheka sana siku ile.

Ila usichanganye type ya kwenye tagi na heda ya Content-Type, maelezo ya aina ya faili yanayotumwa na seva pamoja na faili lenyewe, hivyo ni vitu viwili. Skripti ya kawaida inayovutwa kutoka faili la nje kwa src brauza haibani sana kwenye heda, ila ukiweka type="module" (skripti ya moduli), au seva ikituma X-Content-Type-Options: nosniff (yaani brauza isikisie aina ya faili), hapo heda ikikosea hakuna msamaha, skripti inakataliwa. Mimi nimewahi kukesha mpaka saa nane usiku na faili la .mjs (moduli ya JavaScript), nasoma kodi mstari kwa mstari naona haina kosa, kumbe seva haiijui hiyo .mjs inalituma kama text/plain, maandishi ya kawaida. Nikaongeza mstari mmoja kwenye konfigi ya seva, ikawaka.

fundi_kimya:
Na charset (mfumo wa herufi wa faili) msiichomeke kwenye type ya tagi. Ukiandika type="text/javascript; charset=utf-8" kiwango cha HTML kinasema hailingani na aina ya JavaScript, skripti haifanyi kazi. Kwenye heda ya seva ruksa.

mwanatagi:
Nimefuta type zote, menyu za IE8 zimefunguka. Jamaa nimemtumia hiyo 9239, kaisoma, hajajibu mpaka sasa 😂