Waliohamia chuo kingine katikati ya digrii, nini kilikufanya usiache? Tupeane uzoefu

Mpokeaji
Wakuu habari zenu. Najitolea kuwapokea wanafunzi wanaohamia chuoni kwetu, na naona wengi semesta ya kwanza GPA (wastani wa alama) inashuka, hata wale waliokuja na matokeo mazuri kabisa. Si jambo geni, mtafiti John Hills aliliandikia tangu 1965 akaliita mshtuko wa kuhama, na wengi wakishazoea wanapanda tena. Shida ni wale wanaoondoka kabla hawajapanda. Nyie mliopita huko, nini kiliwabakiza? Leteni yaliyowakuta, nadharia tunazo.

Hamahama
Mimi kilichotaka kuniondoa sio masomo, ni krediti, zile pointi za kila kozi unazokusanya mpaka uhitimu. Nimeshasajiliwa, nimeshaanza kuingia lekcha, ndo naambiwa kozi kadhaa hazijakubaliwa eti majina yanafanana ila vilivyomo havifanani, kwa hiyo nikae na mwaka wa kwanza nizirudie. Nilishaanza kufungasha. Mhadhiri mmoja wa idara ndo akaniambia niombe muhtasari wa kila kozi toka chuo cha zamani, ule unaoonyesha mada wiki kwa wiki, saa za masomo na vitabu, maana transkripti ina jina na gredi tu, mtu atalinganisha nini hapo? Nikaleta, wakapitia upya, nyingi zikapita. Chukueni hizo karatasi KABLA hamjaaga, ukishaondoka hakuna anayejibu imeili zako.

Wa_Masjala
Hamahama umemaliza. Mimi niko upande wa ofisi, naongezea kidogo. Krediti kukubaliwa ni kitu kimoja, kuhesabiwa kwenye digrii yako ni kingine. Kozi inaweza kuingizwa kama ya hiari wakati wewe ulitaka ikuondolee ya lazima, unajiona una krediti kibao kumbe kuhitimu kunazidi kusogea mbele. Marekani ofisi ya ukaguzi ya serikali (GAO) ilikadiria kwenye ripoti ya 2017 kwamba waliohama kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Ulaya wana ECTS, mfumo wao wa pamoja wa kuhesabu krediti, mwaka mzima ni krediti 60, angalau hesabu zinasomeka chuo hadi chuo, ila uamuzi wa nini kinalingana na nini bado ni wa chuo unakoenda. Kwa hiyo ukifika usiulize "zimekubaliwa ngapi", uliza nimebakiza kozi zipi ili nihitimu, na upewe kwa maandishi.

Kimya Kingi
Kwangu ilikuwa upweke jamani. Kila mtu ana kundi lake la tangu mwaka wa kwanza, ikija kazi ya kikundi unabaki umekodoa macho, na wahadhiri wanakuchukulia kama mwenyeji. Siku za kuwakaribisha wageni tulichanganywa na watoto wa fomu siksi tukaelezwa maktaba ni nini 😂 lakini jinsi ya kuwasilisha kazi kwenye mfumo wao hakuna aliyesema, kozi moja coursework yangu ikasoma sifuri nikapigwa sapu, mtihani wa marudio. Aliyenibakiza ni dada mmoja aliyehamia mwaka mmoja kabla yangu, akaniingiza kwenye grupu lao la kusoma. Hakuwa na cheo chochote.

Bwana Hesabu
Natofautiana kidogo na hapo juu. Mimi kozi zilikubaliwa ZOTE na ndo zilizoniponza. Nikarukishwa hesabu ya kwanza nikaingia ya pili, kumbe kule nilikotoka mada ya intigresheni tuliigusa tu juu juu. Kila mtu ananipongeza mimi nazama. Mshauri wangu akanipunguzia kozi semesta ile na kuniombea nikae darasa la hesabu ya kwanza bila kusajiliwa, nasikiliza tu. Bila hapo ningedisko, yaani ningeondolewa chuo kwa kufeli.

Mpokeaji
Hii ya Bwana Hesabu sikuwahi kuifikiria, sisi tunahesabu krediti zilizopita tunashangilia. Na wanaoingia semesta ya pili je?

Wa_Masjala
Hao ndo wanaumia zaidi, hosteli zimeshajaa na kozi nyingine zinafundishwa semesta ya kwanza tu, ukiikosa unasubiri mwaka. Wape ratiba ya mwaka mzima pamoja na barua ya kukubaliwa, wajue mapema kipi hakipo, wengine wakiiona wenyewe wanaamua kusubiri semesta ya kwanza.