Mada: Cheti cha chanjo cha Simba kimekataliwa, na Jumamosi tunaenda Grand Canyon

Mama Neema (Glendale), Jumanne usiku

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Naomba msaada wa haraka.

Tulihama Ohio mwezi wa nne kuja huku Arizona, na tulikuja na Simba wetu. Mbwa chotara tu, mweusi, sikio moja limesimama na jingine limelala, watoto walimtoa shelta ya wanyama. Mnajua huku mbwa akifika miezi 3 lazima awe na leseni ya kaunti. Leo nimepanga foleni dakika 50 katika ofisi moja, nikafika dirishani, yule dada akasoma cheti cha kichaa cha mbwa, akanirudishia. Ati sahihi ya daktari ni ya muhuri, si ya kalamu, na namba ya chipu aliyowekwa chini ya ngozi imetofautiana tarakimu ya mwisho. Kwenye cheti ni 7, kwenye kompyuta yake ni 1. Nikamwambia dada, mpitishie ile mashine shingoni uone mwenyewe, yuko kwenye gari na baba yake, AC inawaka. Akasema mashine iko tawi lingine. Halafu akaita namba inayofuata.

Swali langu ni moja tu. Chanjo yenyewe ni ya miaka 3 na bado ina miaka 2. Kuna mtu aliyekubaliwa cheti cha jimbo lingine chenye kasoro kama hizi, au ni lazima achanjwe upya? Jumamosi tunaenda Grand Canyon na wageni, na pale South Rim, ukingo wa kusini wa korongo, kwenye banda la kulaza mbwa wanataka kuona karatasi ya chanjo.

Baba Tausi (Tempe), Jumanne usiku

Pole sana mama. Lakini bandani unampeleka wa nini? South Rim mbwa anaruhusiwa. Kamba isizidi futi 6, basi anatembea Rim Trail na wewe, na kambi ya Mather analala hemani. Asichoruhusiwa ni kushuka njia za kuteremkia bondeni, na kupanda yale mabasi ya bure. Hapo kwenye mabasi ndipo watu wanapokwama: wameegesha mbali, miguu imechoka, basi linakuja tupu na dereva anatikisa kichwa.

Sisi tulikwenda Oktoba na wetu, Kopa. Asubuhi tumetoka hemani kuna barafu kwenye bakuli lake la maji. Mke wangu kavaa kitenge juu ya koti, kitenge kingine kamfunga mbwa. Wazungu wakapiga picha mbwa, korongo wakaliacha.

Kuhusu cheti sijui, Kopa alichanjwa hapahapa.

Kamaa wa Chandler, Jumatano asubuhi

Baba Tausi unamwambia mtu habari za Oktoba na sasa ni Julai. Mama Neema, wewe ni mgeni, wacha nikueleze. Mwaka 2023 hapa Phoenix tulipata siku 31 mfululizo za digrii 110 za Fahrenheit kwenda juu, hiyo ni 43 za kwetu. Jiji lina sheria: ikifika digrii 100 mbwa haruhusiwi kwenye njia za milimani kabisa. Na mlima Camelback haruhusiwi hata Januari, si njia ya Echo Canyon, si ya Cholla.

Mimi nilijifunza vibaya. Nilitoka na wangu saa mbili usiku, jua limeshazama, nikasema sasa ni poa. Nusu ya kuvuka maegesho ya duka akakaa chini, akainua mguu mmoja, halafu mwingine, kama mtu anacheza. Nikaweka mgongo wa mkono kwenye lami, sikufika sekunde tano. Nilimbeba kilo 27 mpaka nyumbani. Nyayo ziliambuka kama ganda la viazi vya kuchemsha. Daktari dola 340.

Kwa hiyo nunua viatu vya mbwa. Na hiyo stori ya cheti achana nayo, tafuta karatasi ya ESA, yaani mnyama wa kumfariji mtu moyoni, utaingia naye kila mahali na hakuna mtu atakuuliza chanjo.

Da Rukia (Mesa), Jumatano mchana

Kamaa, nimeandika hapa jambo hili mara tatu na nitaandika ya nne. ESA SI mbwa wa huduma, yule aliyefundishwa kumsaidia mlemavu. ESA ni mambo ya nyumba: mwenye nyumba asikutoze dipoziti ya mbwa. Hoteli hailazimiki, mgahawa haulazimiki, na ndege hazilazimiki tangu Januari 2021. Ukimvalisha ile fulana nyekundu ya kununua mtandaoni ukadai ni wa huduma, Arizona faini inaweza kufika dola 250. Wala karatasi ya ESA haimwondolei mbwa chanjo ya kichaa. Mnawaingiza watu kwenye matatizo halafu wanakuja kunipigia mimi usiku.

Mama Neema, leta picha ya cheti, ficha jina.

Papa Jérémie (Tucson), Jumatano jioni

Bandugu, jambo yenu. Miye niko ku Tucson miaka 9. Huku ndiyo kuna masharti mingi. Sabino Canyon, imbwa hapana. Hifadhi ya Saguaro, ni barabara tu na ile njia mbili fupi za lami, njia zingine hapana. Sisi tunapandaka Mount Lemmon. Unatoka chini digrii 105, saa moja ya gari uko kati ya misonobari, unavaa sweta. Imbwa anakuwa kijana tena.

Lakini miye nataka kusema juu ya chura, maana sasa mvua inaanza. Kuna chura mkubwa wa hapa, kama kiganja ya mtu mzima, kijani, anatoka usiku wakati ya mvua. Imbwa yangu alimlamba ku mlango ya jikoni. Dakika mbili povu, macho inazunguka, miguu inakauka. Bibi yangu alikuwa anaombea mtoto, akaacha maombi. Jirani Mmexico akakimbia na mpira ya bustani, akaniambia shika kichwa kiangalie chini, maji ipite mbele itoke nje, usimwagie ku koo atameza sumu. Akasugua fizi na kitambaa. Tukafika kwa daktari saa sita usiku, akapona. Huyo jirani tulikuwa hatusalimianaki sababu ya parking.

Ku Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi ku Tanzania, nililelea imbwa miaka kumi hivi. Hakukuwa na jina, hakukuwa na karatasi. Siku tulipanda basi ya IOM, ile shirika ya kusafirisha wakimbizi, alifuata basi mpaka ku kizuizi. Nyinyi munaongea chipu, miye namuwaza yule.

Bi Salma (Gilbert), Jumatano usiku

Assalaam aleikum. Nasoma tu hapa nikashika shavu. Mbwa ana hema, ana kitenge, ana viatu. Mimi nilipofika nchi hii viatu vyangu vya kwanza vya baridi nilivipata mwezi wa pili wa baridi.

Msinielewe vibaya, mnyama ana haki yake, na hata mbwa wa kuwinda katajwa katika Kurani. Ila sisi kwetu Lamu mnyama wa kutembea naye ni punda, na wa nyumbani ni paka. Mwanangu alinichukua Oatman mwezi wa tatu, kijiji cha wachimba dhahabu kule magharibi karibu na mto Colorado. Punda wamejaa barabarani, wajukuu wa punda walioachwa na wachimbaji. Mmoja akaingiza kichwa dirishani kwangu. Wallahi nilimshika masikio, ile harufu ya punda aliyekaa juani, nikalia ndani ya gari mwanangu akidhani nimeumwa. Anayetaka matembezi ya jangwani aende Oatman, haulizwi chanjo. Ila mbwa mfungeni, punda wa pale hawapatani na mbwa.

Kamaa wa Chandler, Alhamisi asubuhi

Bi Salma umenimaliza. Sasa ngoja niulize langu maana mada imefunguka. Desemba nataka kumpeleka wangu Nakuru na kurudi naye. Kuna shida?

Da Rukia (Mesa), Alhamisi asubuhi

Kamaa fungua mada yako.

Haya, kwa kifupi: kanuni za CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, zilibadilika tarehe 1 Agosti 2024. Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, Tanzania pia, Kongo, Uganda, zote. Kama amechanjwa hapa, daktari wako ajaze fomu ya chanjo ya Marekani na USDA, wizara ya kilimo, waigonge muhuri KABLA hujaondoka. Ukiondoka bila hiyo, kurudi ni kipimo cha damu, nafasi ya kulipia kwenye kituo kilichosajiliwa, na viwanja sita tu vya ndege. Phoenix haimo. Na chipu isome sawasawa, ambayo ndiyo shida ya Mama Neema, niwakumbushe mliyemsahau.

Baba Tausi (Tempe), Alhamisi mchana

Kwa hiyo mbwa wa Kamaa atakuwa na karatasi za nchi mbili, na mimi Mtanzania nikichukua pasipoti ya hapa ile ya kwetu nairudisha, nabaki kuomba hadhi maalum kama mpangaji. Sawa.

Kamaa wa Chandler, Alhamisi mchana

Sisi Wakenya tulimaliza hiyo kitu ya uraia wa nchi mbili na Katiba ya 2010. Poleni majirani.

Baba Tausi (Tempe), Alhamisi mchana

Mlimaliza, ndiyo, na foleni ya pasipoti yenu je? Usinianzishe.

Msimamizi, Alhamisi jioni

Ndugu zangu, tulikubaliana siasa ziende kwenye lile kundi lingine. Na kuanzia leo nafuta ujumbe wowote unaosema DMV. Ofisi ya magari na leseni za udereva Arizona inaitwa MVD. Nimechoka kujibu.

Pia nyongeza: North Rim, ukingo wa kaskazini wa Grand Canyon, msimpeleke mgeni kwa ramani za zamani. Moto wa Julai 2025 uliteketeza ile loji yenyewe. Mwenye mbwa na siku ya ziada apite Petrified Forest, ile ya miti iliyogeuka mawe. Hiyo ni hifadhi ya taifa na mbwa wa kamba anatembea njiani bila ugomvi. Wengi wanaipita wakikimbilia Albuquerque.

Mama Neema (Glendale), Alhamisi usiku

Asanteni nyote, nimecheka na nimelia kwa Papa Jérémie. Da Rukia picha nimekutumia pembeni. Daktari wa Ohio hajapokea simu, mashine inasema amekwenda likizo.

Basi Simba tunakwenda naye hivyohivyo, bandani hatalala, tutapokezana kukaa naye juu wengine wakishuka kidogo. Viatu nimenunua, kavaa viwili kakataa viwili, anatembea sebuleni kama kuku aliyekanyaga ugali.

Wageni wa Minnesota wanashukia Utah kupitia Page, kwa hiyo tunakutana Cameron saa 5 asubuhi Jumamosi, halafu tunaingilia lango la Desert View. Anayetaka kuungana nasi nafasi ipo, gari lina viti viwili.

Papa Jérémie (Tucson), Alhamisi usiku

Miye na bibi tunakuja. Lakini saa tano ni giza bado, tutatoka huku usiku wa manane?

Mama Neema (Glendale), Alhamisi usiku

Saa 5 ya Kiswahili, Papa. Jua limeshapanda.

Da Rukia (Mesa), Ijumaa asubuhi

Cameron iko ndani ya eneo la Wanavajo, wale wenyeji wa asili. Wao wanabadilisha saa, sisi hatubadilishi. Saa 5 yetu ni saa 6 yao. Wageni umewaambia ipi?

Mama Neema (Glendale), Ijumaa asubuhi

Ngoja nimpigie shemeji.