Kupima utafutaji wa tovuti: A/B, kuchanganya matokeo, au kutoa alama kwa mkono?

duka_la_vyombo
Habari za leo wakuu. Nina tovuti ya kuuza vyombo na vifaa vya nyumbani hapa Dar. Wateja wanatafuta kama mara 300 kwa siku. Tatizo ni kwamba mtu akiandika "vikombe" hapati bidhaa niliyoiandika "kikombe". Natumia Elasticsearch, programu ya kutafutia, nayo haina kichambuzi cha Kiswahili (sehemu inayorudisha maneno kwenye mzizi wake) kama ilivyo kwa Kiingereza au Kifaransa. Nimeandika kanuni zangu za kukata viambishi: ki-, vi-, m-, wa-, ma-, na ku- ya vitenzi. Naona matokeo yamekuwa mazuri, lakini kazi ni yangu, siwezi kujihukumu mwenyewe. Mngepima vipi kabla sijaiweka kwa wateja wote?

hesabu_kwanza
Watu wengi watakwambia ufanye A/B: nusu ya wateja wapate mfumo wa zamani, nusu mpya, kisha ulinganishe. Piga hesabu kwanza. Tuseme sasa hivi utafutaji 40 katika kila 100 unaishia mtu kubofya bidhaa, na unataka kugundua kama imefika 42. Kwa kanuni ya kawaida ya takwimu unahitaji karibu utafutaji 9,600 kila upande. Kwa 300 kwa siku, hiyo ni siku 64. Miezi miwili nusu ya wateja wako wanatumia kitu ambacho huenda ni kibovu! Na ukifanya, gawa kwa mtu, usigawe kwa kila utafutaji, la sivyo mteja mmoja ataona matokeo yakibadilika kila akirudi.

binti_maktaba
Mimi ningeanza na alama za mkono. Njia hii ni ya zamani na bado ina nguvu. Cyril Cleverdon aliitumia kule Cranfield, Uingereza, miaka ya 1960: makala 1,400, maswali 225, na watu wakaamua makala ipi inajibu swali lipi. Wewe chukua maneno 100 kutoka kwenye kumbukumbu za seva. Usiyatunge kichwani, maana utatunga yale unayojua yatafaulu. Changanya yanayotafutwa kila siku, yaliyotafutwa mara moja tu, na yaliyorudisha sifuri. Kwa kila neno, chukua bidhaa kumi za juu za kila mfumo, zichanganye ili anayetoa alama asijue ipi imetoka wapi, kisha zipewe 0 hadi 3. Halafu kokotoa nDCG, kipimo cha ubora wa mpangilio wa matokeo, ambacho kinaipa bidhaa sahihi thamani kubwa zaidi ikiwa juu kuliko ikiwa chini.

Na leo hii jaribu kutafuta "mafuta". Nina wasiwasi na hiyo ma- yako.

duka_la_vyombo
Dada, umenisaidia sana. Nimejaribu sasa hivi. "Mafuta" imekatwa ikabaki "futa", na "kufuta" nayo imekatwa ikabaki "futa". Mteja anayetaka chupa ya mafuta anaonyeshwa kwanza vitambaa viwili vya kufuta vumbi. Nimejaribu "vyungu" pia: haileti "chungu" hata kimoja, kwa sababu kanuni zangu hazijui vy- na ch-.

binti_maktaba
Na usikimbilie kukata kila ch-, utaiharibu "chupa". Bora uwe na orodha fupi ya maneno yasiyoguswa.

kocha_wa_seva
Kwa wateja wachache kama wako, ukishamaliza alama za mkono, changanya matokeo badala ya A/B. Ni kama watoto wanavyogawana wachezaji wa chandimu: manahodha wawili, mfumo wa zamani na mpya, wanarusha sarafu nani aanze, kila mmoja anachagua bidhaa yake bora ambayo bado haijachukuliwa, raundi baada ya raundi. Mteja anaona orodha moja. Akibofya, aliyeichagua bidhaa hiyo anapata pointi. Kwa kuwa mtu yuleyule anawalinganisha wote wawili papo hapo, unahitaji utafutaji mchache kuliko A/B. Ila inakwambia nani ni bora tu, haikwambii mauzo yatapanda kiasi gani.

hesabu_kwanza
Hapo naafiki. Ila mibofyo ina upofu wake: watu hubofya cha juu kwa sababu tu kiko juu, na utafutaji uliorudisha sifuri hauna cha kubofya. Hizo sifuri zihesabu peke yake.

mzee_kaunta
Alama zitolewe na wauzaji wa kaunta, si mafundi wa kompyuta. Mteja akisema "sufuria ya pilau", wao wanajua anataka ile kubwa yenye mfuniko.

duka_la_vyombo
Nimeelewa, mzee. Nimeshatoa maneno 100 ya mwezi uliopita. 23 yalirudisha sifuri, "vyungu" ikiwemo. Wauzaji wawili wanaanza kutoa alama kesho asubuhi, kila mmoja kwa karatasi yake, na pale watakapotofautiana tutakaa pamoja. "Mafuta" nimeiweka ya kwanza kwenye orodha ya yasiyoguswa.