Miaka 6,000 ya dunia imeandikwa wapi kwenye Biblia?

Ndugu zangu, naleta jambo hili tulijadili kwa heshima, maana limeshaingia nyumbani kwangu.

Binti yangu yuko kidato cha kwanza. Juzi napitia madaftari yake nikakuta karatasi ya jaribio la Historia. Swali lilitaka ataje bonde lilikopatikana fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale anayefanana na binadamu. Pameachwa wazi, na pembeni ameandika kwa penseli, herufi ndogondogo: "Mwanzo 1:27". Nilipomuuliza alisema mwinjilisti mmoja aliwaambia kwenye semina ya vijana kwamba dunia ina miaka 6,000 tu, na anayejibu maswali ya namna ile anamkana Mungu. Akaanza kulia. Jibu alikuwa analijua.

Mimi ni mzee wa kanisa, na watoto wa shule ya Jumapili nimewafundisha miaka kumi na moja sasa. Naamini Mungu aliziumba mbingu na nchi, na siombi radhi kwa hilo. Ninachokataa ni hiyo namba kufanywa kipimo cha wokovu wa mtoto. Hakuna mstari unaoitaja. Ni jumla waliyoipiga wanadamu, na waliopiga hawakupata jumla moja.

Chukua penseli, fungua Mwanzo 5. Adamu ana miaka 130 akamzaa Sethi. Sethi 105 akamzaa Enoshi. Endelea: 90, 70, 65, 162, 65, 187, 182, umefika kwa Nuhu. Ongeza 600 alizokuwa nazo Nuhu gharika ilipokuja. Unapata miaka 1,656 tangu Adamu hadi gharika, na Methusela mwenye miaka yake 969 anakufa mwaka uleule wa gharika. Inapendeza kweli.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale iliyotengenezwa Aleksandria kabla ya Kristo, ambayo waandishi wa Agano Jipya wenyewe waliinukuu mara nyingi. Humo Adamu anamzaa Sethi akiwa na miaka 230, na wengi waliomfuata nao wana mia ya ziada. Katika baadhi ya nakala zake jumla ni 2,242, na Methusela anaishi miaka 14 baada ya gharika, wakati kwenye safina waliingia watu nane na yeye hakuwamo. Augustino, askofu na mwalimu wa kanisa la kale, aliliona tatizo hili na kuliandikia mwanzoni mwa karne ya tano, kwa hiyo tusiseme limeletwa na wasioamini wa siku hizi.

Ndiyo maana kalenda ya Wayahudi inaanzia 3761 K.K., Wakristo wa Konstantinopoli walihesabu kuanzia 5509 K.K., na Askofu Mkuu James Ussher wa Armagh, Ireland, mwaka 1650 akapata 4004 K.K., tena akataja na mwezi, Oktoba. Kati ya hesabu ya kwanza na ya pili kuna pengo la miaka 1,748. Hiyo ya Ussher ilipigwa chapa pembeni mwa Biblia za Kiingereza kuanzia 1701, na mtu akizoea kuona tarehe karibu na aya, mwishowe anaidhani ni aya. Nadhani huko ndiko ilikotoka 6,000 ya semina zetu.

Halafu kuna neno "akamzaa". Mathayo 1:8 inasema Yoramu akamzaa Uzia. Fungua 1 Nyakati 3:11-12 uone walioachwa katikati: Ahazia, Yoashi, Amazia. Wafalme watatu. Mathayo hakukosea. Alikuwa anapanga vizazi kumi na vinne kumi na vinne, na kwa Mwebrania babu naye amemzaa mjukuu wake. Kama nasaba inaweza kuruka watu watatu na ikabaki kuwa neno la Mungu, basi haikuandikwa ili tuitumie kama kalenda.

Upande wa shule nao una kosa lake, na linaniuma kama mtu wa Kiswahili. Watoto wanaambiwa "binadamu alitokana na nyani". Nyani ni huyu anayeiba mahindi shambani. Hakuna mwanasayansi anayesema tumetoka kwake. Wanachosema ni kwamba sisi na sokwe, wale wa Gombe, tuna wahenga wa pamoja walioishi zamani sana na ambao hawapo tena. Sentensi moja mbovu ya darasani imempa kila mhubiri silaha: "Mbona nyani wa leo hawageuki watu?" Anayeuliza hivyo anajibu jambo ambalo halijasemwa.

Na Oldupai, bonde la hapa Tanzania ambalo ndilo jibu la lile swali la binti yangu, si hadithi. Mary Leakey alilipata fuvu lile Julai 1959. Umri wake, miaka milioni 1.75, ulitangazwa 1961 baada ya kupima majivu ya volkano ya tabaka lile. Mwamba ukiwa bado uji wa moto, gesi ya agoni hutoka; ukishapoa, potasiamu iliyomo hugeuka agoni polepole kwa mwendo unaojulikana, nayo hubaki imenaswa. Unapima kilichonaswa.

Nyongeza, baada ya kusoma majibu yenu:

Ndugu mmoja ameleta habari ya Mlima St. Helens, kwamba mwamba wa miaka ya 1980 ulipimwa kwa njia hii ukatoa miaka 350,000. Ni kweli ulitoa hivyo. Lakini njia hii ni ya miamba mikongwe. Agoni kidogo iliyobaki kwenye mwamba wa juzi inatosha kuharibu hesabu, kama mzani wa magunia unavyoshindwa kupima gramu za zafarani. Oldupai kuna ushahidi mwingine pia: miamba yake inaonyesha kipindi ambacho sumaku ya dunia iligeuka, na kipindi hichohicho kimeonekana kwenye matope ya chini ya bahari. Wanasayansi dunia nzima wanakiita kwa jina la bonde letu.

Dada Msabato ameandika kwa uchungu kwamba kwake wiki ya uumbaji ndiyo mzizi wa Sabato. Namwelewa, na najua kanisa lake mwaka 2015 lilitia neno "karibuni", yaani si zamani sana, katika tamko lake kuhusu uumbaji. Sidai aache imani yake. Lakini asituambie kuwa anayefikiri tofauti si Mkristo, maana Papa Yohane Paulo II aliiambia Akademia ya Kipapa ya Sayansi mwaka 1996 kwamba nadharia ya mageuzi ya viumbe ni zaidi ya dhana tu, na hakuacha kusali.

Jibu zito kuliko yote ni la mchungaji aliyetaja Warumi 5: ukimlegeza Adamu, umemlegeza Kristo. Hapo sina utani kabisa. Paulo anajenga hoja yake juu ya mtu mmoja na dhambi moja, na mimi nasimama hapo na Paulo. Isome tena sura yote, mchungaji: hataji mwaka hata mmoja.

Kwa hiyo nabaki na swali langu kwa wanaoishikilia 6,000. Luka 3:36 ina Kenani kati ya Arfaksadi na Sala. Mwanzo 11:12 haina. Mnamhesabu au hamumhesabu? Na yeyote kati yenu mwenye mtoto kidato cha kwanza, anieleze amemwambia nini aandike.