NFS, SMB au SSHFS: nimaunti kipi?

Kitasa: Wakuu, nina seva ya Linux yenye diski ya 8 TB na kompyuta kadhaa zinazotakiwa kuyaona mafaili yake kama yako ndani yake. Nataka zijimaunti (zijiunganishe na folda ya seva) zenyewe zikiwashwa. Kati ya NFS, SMB na SSHFS, njia za kushirikisha mafaili kupitia mtandao, nichague kipi? Wiki hii lazima niamue.

Mzizi_wa_mti: "Kadhaa" ni ngapi mkuu? Zina mfumo gani? Ziko LAN moja au nyingine zinapitia intaneti? Mafaili ni makubwa au ni vijifaili elfu elfu? Bila hayo tunapiga ramli.

Nanga: Hata asipojibu, ni NFS toleo la 4. Porti ni moja tu, TCP 2049. La 3 linadai 111 pamoja na za mountd na lockd, programu saidizi za NFS. Kwenye seva, ndani ya /etc/exports:

`/srv/data 192.168.1.0/24(rw,sync,no_subtree_check)`

Kisha `exportfs -ra`. Kwa mteja, /etc/fstab:

`seva:/srv/data /mnt/data nfs4 hard,nofail,_netdev,x-systemd.automount 0 0`

halafu `systemctl daemon-reload`. Hiyo automount ndiyo utamu wenyewe: folda inamauntiwa pale mtu anapoigusa, kwa hiyo seva ikiwa imelala kompyuta haigandi wakati wa kuwaka.

Bisibisi: Chunga usiache nafasi kabla ya mabano. Ukiandika `192.168.1.0/24 (rw)`, mtandao wako unapata kusoma tu, na rw anapewa yeyote duniani anayeifikia seva.

Kitasa: Samahani. Ni tano: tatu Linux, moja Windows, moja laptopu inayotoka nje mara kwa mara. Mafaili ni video na picha. Je, niweke `soft` badala ya `hard`? Nasikia `hard` inagandisha programu.

Mzizi_wa_mti: Windows na laptopu ya kutembea, ndiyo ulikuwa unaficha!

Bisibisi: `soft` usiiguse kwa kitu chochote kinachoandikwa. Kuna ofisi moja waliweka `soft,timeo=10` wakidhani ni sekunde kumi. timeo huhesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde, kwa hiyo walijipa sekunde moja. Bakapu ya usiku ilikuwa inatumia tar (programu ya kufunga mafaili pamoja) kuandika moja kwa moja kwenye NFS. Kila diski za seva zilipoelemewa, keneli (kiini cha Linux) ilijaribu mara chache, ikakata tamaa na kuirudishia tar kosa la I/O. Skripti haikukagua kosa, ikafuta bakapu ya zamani na kuandika "imekamilika". Siku ya kurejesha, mafaili yote yalikuwa yamekatika katikati. Kwa TCP chaguo-msingi ni timeo=600, yaani sekunde 60. Iache hivyo. Kuganda kwa `hard` ni usumbufu, data inakungoja.

Pwaguzi: Mnamzungusha bure. Ana Windows, aweke Samba (programu ya SMB kwa Linux) kwa wote, amalize. Linux inahitaji pakiti ya cifs-utils. Ikikosekana, mount inalalamikia "wrong fs type" na watu wanahangaika na nenosiri lisilo na kosa.

`//seva/data /mnt/data cifs credentials=/root/.smb,uid=1000,gid=1000,vers=3.0,_netdev,nofail 0 0`

Faili la .smb lina `username=` na `password=`, chmod 600. Na habari za UID (namba ya mtumiaji kwenye Linux) zimeisha.

Nanga: Zimefichwa, hazijaisha. Kila faili litaonekana ni la 1000, hata la mwenzako.

Pwaguzi: Na NFS ya sec=sys (ulinzi wake wa kawaida) inaamini namba yoyote inayotajwa na mteja. Juma ni 1000 hapa, Asha ni 1000 kule, wanafutiana picha. Chaguo la root_squash linamzuia root (msimamizi mkuu) peke yake.

Nanga: Linganisha UID kwenye mashine tatu, ni kazi ya dakika kumi. Anayetaka uhakika aweke Kerberos (mfumo wa kuthibitisha watumiaji), sec=krb5p.

Mzizi_wa_mti: Kerberos kwa kompyuta tano? Jamani. Laptopu ipewe SSHFS, porti 22 inatosha na data imefichwa njiani:

`sshfs jina@seva:/srv/data ~/data -o reconnect,ServerAliveInterval=15,idmap=user`

Kutoa: `fusermount3 -u ~/data`. Vijifaili vingi vitakuchosha, ila kutazama video inakwenda.

Kitasa: Asanteni. Programu yangu ya picha ina katalogi ya SQLite (hifadhidata ya faili moja). Naweza kuiweka humo humo?

Bisibisi: Hapana! Hali ya WAL ya SQLite (inayoandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni) inahitaji kumbukumbu ya pamoja, haifanyi kazi kati ya mashine mbili. Katalogi ikae diski ya ndani, picha zikae kwenye seva.

Pwaguzi: Ni programu gani hiyo?