Mrejesho: Vile vigoda vya kayaki

Wakuu, nilikuja hapa kuuliza niegeshe kayaki yangu (kile kimtumbwi chembamba cha kasia) juu ya nini, maana mchanga wa Kigamboni unaikwangua tumbo. Nimefuata wazo la vigoda viwili vya miguu ya mkasi, inayopishana kama X: mbao za mbili kwa mbili, sentimita 75 kila moja, bolti katikati. Juu nimetundika mikanda ya siti ya gari chakavu, imetoka gereji. Vyote viwili vinakunjwa, vinaingia kwenye buti.

Siku ya kwanza niliaibika. Kamba ya nailoni ya kuzuia miguu isitanuke ilivutika, kayaki ikakaa chini taratibu kama bibi harusi. Nimeweka mnyororo mwembamba, imetulia. Bolti nunueni za stenlesi. Zangu za kawaida zimeshaanza kutu.